Mizani Moja kwa Barua na kwa Biblia

Mtaani Rwambuzi, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, vijana wanauliza Biblia ilitoka wapi na kama inaaminika. Wengi hujibiwa kwa makaripio. Makala hii inajaribu kuwajibu.

Barua ilifika Rwambuzi kwa simu, kama zinavyofika habari nyingi siku hizi. Kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, aliniletea Jumamosi jioni nilipokuwa nimeketi uani kwao. Mama yake alikuwa anasonga bugali, sombe ilikuwa tayari pembeni. Kijana hakuketi. Alinyoosha mkono wenye simu, akasema, "Papa, soma hii."

Nikasoma. Ilisemekana ni barua ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ya mwaka 1883, kwa wamisionari waliokuwa wanaelekea Kongo. Kwa maelezo ya barua hiyo, mfalme aliwaambia kwamba hawaendi kumfundisha mtu mweusi kumjua Mungu, kwa kuwa anamjua tayari. Wanakwenda kumfundisha kutii na kuuona umaskini kuwa baraka, ili mali iliyo chini ya miguu yake ichukuliwe bila fujo. Na chombo cha kazi hiyo ni Biblia.

"Kama ni vile," kijana akasema, "hii Biblia ya Mama ni ya nini? Nani aliandika? Tunajua namna gani hawakuigeuza?"

Mama yake alisikia. "Achana na hayo," alisema bila kugeuka. "Hayo ni maneno ya shetani."

Kijana akanyamaza, akairudisha simu mfukoni. Nami nikakumbuka siku yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipomwuliza mhubiri mmoja Kaini alimpata wapi mke. Nilipigishwa magoti juu ya changarawe mbele ya wenzangu hadi kipindi kikaisha. Kwa miaka mingi sikuuliza tena, lakini swali halikufa. Liliketi ndani yangu kama jiwe kwenye kiatu, na kila nilipoingia kanisani nilichechemea.

Ndiyo maana sikutaka kijana yule aende kulala na swali lake peke yake. Na sisi watu wa Bunia hatuna sababu ya kuogopa kupima. Tunaishi juu ya dhahabu. Tangu ilipogunduliwa huko Kilo mwaka 1903, watu wa Ituri, mkoa wetu, wamejifunza kutomwamini muuzaji kwa kiapo chake. Nenda ukamtazame mnunuzi kwenye meza yake. Mchimbaji anafungua kikaratasi, anamwaga vumbi la manjano. Mnunuzi anapitisha sumaku juu yake kuondoa mchanga mweusi, anapuliza taratibu, anachoma, anatazama rangi. Kisha anachukua mizani yake ndogo yenye sahani mbili, upande mmoja dhahabu, upande mwingine sarafu au njiti za kiberiti. Hamfukuzi mchimbaji kwa sababu jana aliletewa shaba. Wala hanunui kwa sababu mchimbaji ni mzee wa kanisa. Anapima. Na kila anayekuja, tajiri au maskini, anapimiwa kwa mizani ileile.

Nilimwambia kijana: tuipime barua kwanza, halafu tuipime Biblia kwa njiti zilezile. Nani aliandika? Lini? Ilipitia mikono ya nani hadi ikatufikia? Na kuna shahidi mwingine?

Barua kwenye sahani

Tuanze na tarehe. Mwaka 1883 Leopold hakuwa bado mfalme wa Kongo. Mkutano wa Berlin ulifungwa Februari 1885, na ni mwaka huo alipotambuliwa kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Ubelgiji yenyewe iliichukua nchi hii kuwa koloni mwaka 1908. Je, wamisionari wake walikuwa wapi mwaka 1883? Mapadri Wabelgiji wa shirika la Scheut walianza kufika Kongo mwaka 1888. Kabla yao, kati ya waliokuwa kazini huku walikuwamo Wabaptisti kutoka Uingereza upande wa magharibi na Mapadri Weupe upande wa Ziwa Tanganyika, watu ambao hawakuwa raia wa Leopold.

Tuje kwa mwandishi. Maneno yaleyale huzunguka yakiwa na jina la Leopold na mwaka 1883, na pengine yakiwa na jina la Jules Renkin, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, na mwaka 1920. Barua moja haiwezi kuandikwa na watu wawili katika miaka iliyopishana karibu arobaini. Na hakuna aliyeonyesha karatasi yenyewe, yenye mwandiko au muhuri. Barua imeshindwa kwenye mizani. Ni ya kughushi.

Lakini kijana asidhani kwamba kuikataa barua ni kumsafisha Leopold. Uovu wake hauhitaji karatasi ya uongo. Ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, ya mwaka 1904 ipo, na inasimulia mpira uliokusanywa kwa mateso na mikono iliyokatwa. Picha za Alice Seeley Harris zipo pia, na yeye alikuwa mmisionari. Hata uhusiano wa kanisa na dola una karatasi yake halali: mwaka 1906 Dola Huru ya Kongo iliwekeana mkataba na Vatikani, misheni za Kikatoliki zikapewa ardhi na zikakubali kuendesha shule kwa masharti ya serikali. Anayetaka kulishitaki kanisa la enzi hizo ana ushahidi wa kweli mkononi. Akitumia wa uongo, anaidhoofisha kesi yake mwenyewe na kuwadhulumu mababu waliokatwa mikono kwelikweli.

Aliyevuka Semliki

Barua ile ina dai lingine ndani yake ambalo halisemwi kwa sauti, kwamba Biblia ililetwa huku na mtumishi wa Wabelgiji. Kwa Ituri, historia inasema vingine.

Mwaka 1896 mtu mmoja alitoka Uganda kwa miguu, akavuka mto Semliki, akafika Boga, kusini mwa Bunia. Jina lake Apolo Kivebulaya, Mganda. Hakuwa na askari. Waganda wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka. Yeye alichukua jembe akalima, akajenga, akafundisha kusoma. Baadaye dada wa Tabaro, chifu wa Boga, alikufa kwa ajali ya mkuki, na Apolo akashitakiwa. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Uganda kuhukumiwa. Alipoachiliwa alirudi kulekule. Alifariki Mei 1933 na kuzikwa Boga, kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako alitaka kazi iendelee.

Apolo alitoka kwa watu waliokuwa wanasoma kwa lugha yao. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka uleule wa 1896, kazi ya George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta Kitakule, Mganda. Toleo moja lilichapwa kwa umbo dogo nene ili liingie katika kopo la biskuti, mahali ambapo mchwa hawafiki. Na Apolo mwenyewe, uzeeni, aliitafsiri Injili ya Marko kwa lugha ya Wambuti wa msituni. Misheni ya Wamarekani na Waingereza iliyozaa kanisa la CECA 20 ilifika upande wa Mahagi mwaka 1912, miaka kumi na sita baada ya Mganda huyu.

Habari hii haithibitishi kwamba Biblia ni ya kweli. Mtu mwema anaweza kubeba kitabu chenye makosa. Inathibitisha jambo dogo zaidi, na kwetu ni muhimu: mikono iliyotuletea haikuwa ya rangi moja wala ya nia moja.

Ngozi, wino na makosa ya mkono

Sasa tuiweke Biblia yenyewe kwenye sahani. Swali la kijana lilikuwa: hawakuigeuza?

Mwaka 1844 yalitokea mambo mawili, kila moja mahali pake. Mwezi wa Mei, Mjerumani Konstantin von Tischendorf alikuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina chini ya mlima Sinai, akatoka na laha 43 za ngozi zenye maandishi ya kale ya Kigiriki. Mwezi wa Juni, Mjerumani mwingine, Johann Ludwig Krapf, aliketi Mombasa na kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni kadhi wa mji, ambaye Krapf aliliandika jina lake Ali bin Mueddin. Kwa hiyo safari ya Biblia katika Kiswahili ilianza na hakimu wa Kiislamu akimsaidia mmisionari kutafuta maneno.

Laha zile za Sinai zilikuwa sehemu ya kitabu kikubwa cha karne ya nne, ambacho sehemu yake kubwa Tischendorf aliiona mwaka 1859. Sehemu hiyo ilifika Urusi, na mwaka 1933 serikali ya Kisovieti iliiuzia Uingereza kwa pauni laki moja. Ukurasa wake una safu nne nyembamba za maandishi. Herufi zimefuatana bila nafasi kati ya neno na neno. Na pembeni, na juu ya mistari, kuna masahihisho, maelfu kwa maelfu. Mwandishi alinakili, mwingine akapitia akafuta, mwingine akaja karne za baadaye akarekebisha tena. Mara macho ya mwandishi yaliruka kutoka neno moja hadi lingine linalofanana nalo, na mstari mzima ukapotea, kama mtoto wa shule anayenakili kutoka ubaoni.

Kwa hiyo jibu la kweli ni hili: ndiyo, waandishi walikosea, na wakati mwingine waliongeza. Hati za Agano Jipya kwa Kigiriki zinazojulikana ni zaidi ya 5,000, na tofauti kati yake huhesabiwa kwa mamia ya maelfu. Anayetangaza kwenye kipaza sauti kwamba hakuna herufi iliyobadilika tangu mwanzo hajawahi kuiona hati hata moja, na siku kijana atakapoiona atamwita mwongo.

Lakini sikiliza pia upande wa pili wa sahani. Tunazijua tofauti hizo kwa sababu nakala ni nyingi na zimetawanyika. Nyingi ni za tahajia na mpangilio wa maneno. Fikiria Biblia mbili juu ya meza moja hapa Rwambuzi. Ya Kiswahili cha Kongo inaandika mutu na mutoto. Union Version ya mwaka 1952, iliyotoka mashariki, inaandika mtu na mtoto. Ukihesabu kila mu na kila m kuwa tofauti, utafika maelfu kabla ya kumaliza Mwanzo, na habari bado ni ileile.

Zile zinazobaki ndizo nzito, na hazikufichwa. Aya kumi na mbili za mwisho wa Marko, tangu sura ya 16 aya ya 9, hazimo katika kitabu cha Sinai wala katika kile cha Vatikani, ambavyo ni kati ya vile vya kale zaidi tulivyonavyo. Habari ya mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi, Yohana sura ya 8, haimo katika hati za kale kabisa. Maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni, Waraka wa Kwanza wa Yohana sura ya 5, yaliingia katika Kigiriki kilichochapwa na Erasmus mwaka 1522 tu. Matoleo yake mawili ya kwanza hayakuwa nayo. Fungua Union Version utayakuta ndani ya mabano. Mabano hayo ni ungamo la mfasiri. Yanasema: tumepima, na hapa pana mashaka. Nasikitika kwamba makanisani tunayaruka kama nukta ya kawaida.

Na Agano la Kale? Nakala kamili ya kale zaidi ya Kiebrania tuliyonayo hadi leo ni ya mwaka 1008 hivi. Lakini mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walikuta mitungi katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, na ndani yake gombo la Isaya lenye urefu wa zaidi ya mita saba, lililotangulia nakala ile kwa takriban miaka elfu moja. Wataalamu walilinganisha. Walikuta tofauti za tahajia na za maneno, na walikuta kitabu kilekile cha Isaya. Lakini mapango ya eneo lilelile yalitoa pia vipande vya Yeremia fupi, vinavyofanana na tafsiri ya kale ya Kigiriki, ambayo ni fupi kuliko Yeremia tunayoisoma kwa karibu sehemu moja ya saba. Yaani enzi hizo Yeremia mbili zilisomwa bega kwa bega. Mapango yalimpa haki yake mwenye imani, na mwenye shaka naye hayakumnyima yake.

Orodha iliyoandikwa Afrika

Kijana alikuwa na swali lingine, ambalo nalo lilitoka kwenye simu. Alisikia kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa na mfalme Konstantino katika mkutano wa Nikea. Uvumi huo ulipata nguvu mpya mwaka 2003 kupitia riwaya ya Dan Brown, na watu wengi wasioijua riwaya hiyo wanaurudia kama historia.

Mkutano wa Nikea ulifanyika mwaka 325. Ulibishana juu ya nafsi ya Kristo na tarehe ya Pasaka, ukaacha kanuni ishirini. Hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya kamili, bila kupungua wala kuzidi, ni ya mwaka 367, katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, Misri. Orodha kama hiyo ilikubaliwa katika mikutano ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, miji iliyokuwa katika Algeria na Tunisia za leo. Misri, Algeria, Tunisia: kalamu ilikuwa upande wetu wa bahari.

Hata hivyo, orodha haikushuka ikiwa imekamilika. Kitabu cha Sinai kina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma, ambavyo leo havimo. Waprotestanti wanahesabu vitabu 66, Wakatoliki 73, Waethiopia wa Kanisa la Tewahedo 81. Muumini wa kanisa letu anayesema "Biblia ni moja" na akapanda pikipiki hadi kwa shemeji yake Mkatoliki, atakuta juu ya meza Tobiti na Wamakabayo. Jamii zilisoma, zikabishana, zikaacha vingine, zikashika vingine. Kujua hili hakumwondolei mtu imani, ila kunamwondolea picha ya kitoto ya kitabu kilichoanguka kutoka mawinguni kikiwa na jalada.

Swali la William Ngidi

Baadhi ya watu walioitilia Biblia shaka ya dhati katika Afrika hawakuwa maadui wake. Walikuwa mezani, wakiitafsiri.

Katika Natal, kusini mwa bara, askofu John William Colenso alikuwa akiitafsiri Biblia kwa Kizulu akisaidiwa na William Ngidi. Walipofika kwenye gharika ya Nuhu, Ngidi aliuliza kama yote hayo ni kweli: kama wanyama wote wa nchi zote, za joto na za baridi, waliingia safinani kwelikweli, na kama Nuhu aliwakusanyia wote chakula chao. Colenso angeweza kumpigisha magoti juu ya changarawe. Badala yake alijiuliza kama ana haki ya kujibu ndiyo huku moyo wake ukisema hapana. Mwaka 1862 alianza kuchapa vitabu vyake vya kuvichambua vitabu vya Musa. Mwaka uliofuata alihukumiwa kwa uzushi na askofu wa Cape Town, na mwaka 1865 baraza la mahakama la London likaibatilisha hukumu hiyo. Colenso aliendelea kuwa askofu hadi alipofariki mwaka 1883, na katika miaka yake ya mwisho aliwatetea Wazulu mbele ya serikali iliyowaonea.

Ninamtaja Ngidi kwa sababu katika vitabu vingi ni Colenso tu anayekumbukwa. Swali lilikuwa la Mwafrika, naye aliliuliza kwa sababu alikisoma kitabu kwa makini kuliko waliokiimba tu.

Hapa Bunia kazi ya namna hiyo inaendelea. Chuo Kikuu cha Shalom, kilichoanza mwaka 1961 kama shule ya teolojia na kuchukua jina lake la sasa mwaka 2007, kinafundisha watafsiri wa Biblia. Muulize mtafsiri yeyote atakuambia kwamba kazi yake ni mashaka ya kila siku. Neno hili la Kigiriki, lugha ya nyumbani inalo? Hati hizi mbili zinatofautiana, nifuate ipi? Ndiyo sababu Biblia ya Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo, iliyochapwa mwaka 1960 haikutosha, na Chama cha Biblia cha Kongo kikatoa nyingine mwaka 2002. Anayedhani kwamba shaka na heshima kwa kitabu haviwezi kukaa nyumba moja, na awatazame watu hawa.

Pale sahani inapoelemea

Sitamdanganya kijana wa Rwambuzi kwamba kila kitu kinasawazika. Luka anasema Yesu alizaliwa wakati wa sensa ya Kwirinio, na Mathayo anasema ni enzi za Herode. Kwa historia tunayoijua, Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Kristo na sensa ya Kwirinio ilifanyika mwaka wa 6 baada ya Kristo. Mathayo anasema Yuda alijinyonga. Matendo ya Mitume yanasema alianguka akapasuka. Injili zenyewe hazitaji ndani yake majina ya waandishi; majina tuliyozoea yalikuja na mapokeo. Kipande cha kale cha Injili ya Yohana kilichoko Manchester, ambacho hakizidi kiganja cha mtoto, wengi hukiweka katika karne ya pili, na wengine wanaonya kwamba kukisia umri kwa mwandiko si jambo la uhakika. Kuna majibu yanayopendekezwa kwa mengi ya haya, mengine mazuri, mengine ya kulazimisha. Muungwana husema lipi ni lipi.

Na kuna jambo linalotugusa sisi wa Ituri hadi kwenye mfupa. Katika Mwanzo sura ya 9 kuna laana. Kwa karne nyingi ilitajwa kama laana ya Hamu, ikahesabiwa kuwa ni ya watu weusi, na ikawahalalishia utumwa walioufanya. Kisha msafiri Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliligeuza jina la Hamu kuwa nadharia ya mataifa ya Maziwa Makuu: hawa wametoka mbali, wamezaliwa kutawala, wale wametoka hapa, wamezaliwa kutawaliwa. Wakoloni waliitumia nadharia ya namna hiyo kupanga watu kwa madaraja, huku kwetu na kwa jirani zetu. Vita vilivyotuua hapa Ituri vilikuwa na sababu nyingi, ardhi ikiwa mbele. Lakini mbegu ya kumwona jirani kuwa mtu wa daraja lingine ilimwagiliwa maji na usomaji huo.

Fungua sura yenyewe. Hamu hakulaaniwa. Aliyelaaniwa ni Kanaani, mwanawe. Rangi ya ngozi haikutajwa, wala Afrika. Wahubiri na wasomi walikirudia kisichoandikwa, na waliokisikia hawakuuliza. Nikiwafikiria waliokufa katika mji huu, siwezi tena kukubali kwamba kuuliza ni dhambi. Dhambi ilikuwa kutouliza.

Mezani

Tulikula. Baadaye nilimwomba mama wa nyumba Biblia yake. Aliitoa kwenye kitambaa cha kitenge, kingo zake zimelika, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Nilimwonyesha kijana Marko sura ya 16, nikamweleza kwamba katika hati zile za kale habari inaishia aya ya 8: wanawake wanakimbia kutoka kaburini, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno, maana waliogopa. Baada ya hapo mwandishi wa kitabu cha Sinai alichora pambo dogo la kufunga, na Luka inaanzia safu inayofuata.

"Basi hakuna kufufuka?" kijana akauliza.

Nikamwambia habari ya kufufuka imo tayari katika aya ya 6, na katika barua za Paulo zilizotangulia Injili zote nne. Kilichokosekana ni mwisho wa kututuliza. Kama ni kweli au si kweli kwamba Yesu alifufuka, hati haziwezi kumwamulia mtu. Zinaweza kumwonyesha tu walioandika walisema nini, na hilo kwa sehemu kubwa tunalijua. Kuanzia hapo kila mtu anasimama na moyo wake, lakini asimame akiwa anaona.

Mama yake alikuwa ameacha kuosha sahani. Yeye ni mmoja wa waliokimbia vita vya Bunia mwezi wa Mei 2003, usiku, na mtoto mgongoni. Aliivuta Biblia, akaisoma aya ya 8 polepole kwa kidole, kisha akaisoma tena.

"Hao wamama ninawajua," alisema. "Sisi pia tulikimbia. Tulitetemeka. Miaka mingi hatukumwambia mutu." Akanyamaza kidogo, kisha akamtazama mwanawe, na safari hii hakumwambia aachane na hayo. "Lakini mumoja wao alisema kisha. Kama hapana, nani angeandika?"

Lilikuwa swali, na aliyeliuliza ni yeye. Kijana aliketi.